Beberu Mzuri wa Kila Idi

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, asubuhi ambayo mchinjaji alikataa mbuzi wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Baba alikuwa ameshafariki, ametuachia mi na mama zizi la mbuzi uani, hapa hapa mtaani Buyenzi. Hao mbuzi ndio waliotulisha. Mchele, mafuta, dawa za presha za mama, vyote vilitoka kwao.

Nami nilijiona hodari wa biashara, wallahi. Kila Idi ya kuchinja ikikaribia, wateja walijaa uani, wakashika migongo, wakaangalia meno, na mi nikamtoa beberu mkubwa kuliko wote. Sifa zilinilevya. Wale wadogo wenye mbavu nje, ambao hakuna mtu aliyewataka, walibaki zizini na majike. Nani angechinja kitu kama kile siku ya Idi?

Miaka ikapita hivyo, na mbuzi wakawa wadogo. Bibi zao walizaa pacha, wao wakazaa mmoja mmoja, naye anakula mwaka mzima hanenepi. Nikalaumu majani. Nikanunua chumvi. Nikamshuku hata jirani yetu kwa kijicho, Mungu anisamehe, mwanamke wa watu aliyekuwa akiniletea maganda ya ndizi kila jioni!

Ndipo akaja Mzee Ramazani, mchinjaji aliyekuwa akinunua kwetu tangu enzi za baba. Akampapasa mbuzi mmoja, akampapasa wa pili, akajifuta mikono.

"Apana, Zaina. Hizi sichukui."

"Kwa nini, baba? Si za nyumba ile ile?"

"Nyumba ni ile, damu si ile. Nionyeshe beberu inazaa na hizi mbuzi."

Nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha kicheko kikamwisha, akanigombeza kama mtoto.

"We kila mwaka unatuuzia ile nzuri, sisi tunakula, na kazi ya kuzaa unaachia huyu mugonjwa! Sasa watoto wanene watatoka wapi? Baba yako siku za Idi alikuwa anaficha beberu yake kwa rafiki, watu wasiione. Hakukuambia?"

Labda aliniambia, mwanangu. Mi ndiye sikusikiliza.

Nililia, tena si kidogo, maana beberu mmoja tu mzuri wa damu ya zamani alikuwa amebaki, na siku tatu nyuma nilikuwa nimeshamuuza kwa Hajji Musa, fundi magari. Akichinjwa huyo, zizi la baba limekwisha, na mi na mama tutakula nini? Nikakimbia hadi garajini. Hajji alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikamweleza yote nikiongea na miguu.

"Sirudishi," akasema. "Watoto wangu wameshamuona."

Nikakaa juu ya tairi, siondoki. Akatoka chini ya gari, akaniangalia vizuri.

"Lakini Idi ni bado wiki mbili. Si ulete majike yako hapa?"

Basi nikawaswaga majike saba barabarani, mchana kweupe. Buyenzi unaijua. "Zaina, unaozesha? Karamu ni wapi?" Wanawake wakanipigia vigelegele, na mi uso wote ndani ya mtandio. Wiki mbili nikabeba majani asubuhi na jioni, nikipita kati ya matairi na mafuta machafu. Siku ya Idi beberu akachinjwa. Hajji aliniletea fungu langu la nyama, likanishinda kula.

Baada ya miezi mitano, majike wanne walizaa. Na hapo ndipo nilipojifunza. Zizi moja, majani yale yale, hata tumbo moja: pacha mmoja akatoka na kifua kipana kama baba yake, mwenzake akabaki mwembamba kama ukoo wa mama. Mbuzi anabeba ndani ya damu vitu ambavyo macho hayavioni, na anapowagawia watoto wake hawagawii sawa. Binamu yako anayesoma chuoni Mutanga anaita jeni. Aite anavyotaka, mi nilifundishwa garajini kwa Hajji. Yule mwenye kifua sikumuuza, hata waliponiita mchoyo, na ndiye aliyelisimamisha zizi unalolichunga leo.

Sasa, mwanangu, jana nimemwona mteja akimpapasa beberu wetu mwekundu, na we unachekacheka kwa sifa. Usimuuze. Uza ndugu zake. Mteja ana Idi moja, we una miaka yote inayokuja. Chagua dume ambaye mama yake anazaa pacha na ana maziwa, usidanganywe na mwili peke yake. Na usimwache apande binti zake, badilishana na mwenye zizi jingine. Wakikuita mchoyo, waache waseme.

Mungu akuzidishie mifugo, akupe jicho la kuchagua na moyo wa kusema apana. Akujalie watoto watakaokusikiliza kuliko mi nilivyomsikiliza baba. Amina. Haya, inuka, umpeleke huyo beberu kwa shangazi yako kabla mteja hajarudi.