Fremu Iliyorudi Bila Ildefonce

"Wewe una sikio, mwanangu. Igonge, uniambie. Kama ni mkono wa mumeo ndio ulioniulia mtoto, funga mzigo wako, mbebe mjukuu wangu, urudi nyumbani. Kama si mkono wake, nitamwachia Mungu."

Maneno hayo Deodata aliyasema kwenye simu asubuhi, kutoka Runazi, bila hata kuuliza wamelalaje. Tecla alikuwa Bugarama, amesimama uani na mtoto mgongoni. Alijibu, "Sawa, mama," simu ikakatika. Akabaki anautazama mlango wa chumba cha nyuma. Humo ndani, chini ya gunia, ilikuwamo fremu ya baiskeli ya mdogo wake, Ildefonce. Waliompeleka kwenye mashindano ndio walioirudisha, vipande viwili vimefungwa pamoja kwa kamba.

Sikio alilolitaja mama yake halikuwa maneno ya kumpamba. Deodata alikuwa akiuza vyungu gulioni, na Tecla alianza kukaa ubavuni mwake tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi, akigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole kabla mnunuzi hajakibeba. Chungu kizima kinaitika. Chenye ufa, hata ule mwembamba kama unywele, kinaguna. Mama hakumfundisha kwa maneno. Alimsogezea vyungu tu, mtoto akavielewa.

Nani angejua kwamba sikio la vyungu lingempa kazi alikoolewa!

Mumewe, Protasi, alikuwa amefanya kazi ng'ambo ya Rusumo, huko Rwanda, kwenye karakana ya baiskeli za mashindano. Wenzake waliporudi na mabati, yeye alirudi na gunia la vitambaa vyeusi vya kaboni na madumu ya gundi. Chumba cha kuwekea maharage akakigeuza karakana. Majirani, ambao baiskeli kwao ni ile ya chuma inayobeba mikungu ya ndizi, waliinua fremu ya kaboni kwa kidole kimoja wakaangua kicheko. "Protasi, hii ifunge kamba! Upepo ukivuma utaifuata Burundi!"

Lakini vijana wanaopanda milima kwa baiskeli walimtafuta mpaka wakampata. Walimletea fremu zilizopasuka, naye alizikwangua kwa msasa mpaka weusi ukaonekana, akakata kitambaa, akakilowesha gundi, akaliviringisha bomba tabaka juu ya tabaka. Kisha alilikaza kwa vipande vya tyubu kuukuu ili gundi iliyozidi ijikamue itoke. Na kwa kuwa Bugarama ina baridi na gundi ile haipendi baridi, fremu ililazwa kwenye kasha la mbao lenye jiko la makaa chini yake. Tecla alilichungulia kasha hilo kama mtu aliyeweka mkate ndani, moto usizidi, usipungue. Fremu ikishatoka, kazi ya rangi ilikuwa yake. Alikuwa na mkono mtulivu, na nyekundu yake wateja walikuja kuiulizia kwa jina lake.

Kabla ya rangi, aligonga. Alichukua kijiko cha chai, akakishika upande wa kulia chakula, akapita na mpini wake toka kichwa cha fremu mpaka mkiani. Hakuishia kwenye kiraka. Fremu iliyoanguka huumia panapoonekana, na wakati mwingine huumia pengine kabisa, ndani, wala rangi haichubuki.

Protasi kazi hiyo hakuiweza tena. Mashine za kusaga vyuma alizozishika tangu ujana zilikuwa zimemla masikio. Sauti nene alizisikia, lakini ile nyembamba ya kijiko ilimpita kama nzi. Hakumwambia mtu. Tecla alijua, na mbele ya wateja alimstiri: "Lete nigonge mimi, wewe una gundi mikononi." Waliishi hivyo, mmoja mikono, mwingine sikio, na walipendana.

Ildefonce alikuja kuishi nao kwa ajili ya milima. Kule kwao Runazi, alisema, hata ukianguka unaangukia kwenye mahindi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno. Fremu yake aliinunua mitumbani, Tecla akaigonga yote ikaitika, akaipaka nyekundu. "Shemeji," Ildefonce akamwambia Protasi, "kwa rangi hii hata trafiki wa Rusumo atanipigia saluti akidhani napita na msafara!" Alipenda kula ukoko wa ugali, na aliimba vibaya. Tecla alimpenda kama mtu anavyompenda aliyembeba mgongoni, maana alimbeba kweli.

Tecla alipokaribia kujifungua, Ildefonce alianguka mlimani. Yeye alichubuka kiwiko tu, ila fremu ilipasuka bomba la juu. Protasi akaanza kuitengeneza. Kabla gundi haijakauka vizuri, uchungu ukamshika Tecla, akajifungua binti.

Kwao huko, mwanamke akijifungua hukaa ndani mpaka siku ya kumtoa mtoto nje. Hapiki, hachoti maji, hasogelei kazi. Bonifasia, mama mkwe wake, aliweka kiti mlangoni akawa askari. Upendo wake ulikuwa wa hivyo, na Tecla aliupokea.

Jioni moja kabla ya mashindano, kichwa cha Ildefonce kikatokea dirishani.

"Dada! Mfungwa! Nimekuletea kijiko."

Alikuwa ameiegemeza fremu ukutani, imeshapigwa msasa, inangoja rangi.

"Wee Ildefonce," Bonifasia akadakia, "ondoa hilo lidude lako hapo! Harufu ya gundi hiyo. Mapafu ya mtoto bado ni maziwa matupu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, toka!"

"Agonge tu, mama. Hata chai haitapoa."

"Mtoto ndio kwanza amelala. Ukimwamsha utamnyonyesha wewe?"

Tecla alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ildefonce, si usubiri nitoke?"

"Jumapili hainisubiri, dada. Jumapili haijui kwamba umezaa."

"Niitie shemeji yako."

Protasi akaja, anajifuta mikono kwenye kaptula.

"Protasi, umeigonga?"

"Nimeigonga."

"Yote?"

"Yote. Inaitika."

Alisema hivyo akimtazama mtoto, hakumtazama mkewe. Tecla alilishika lile neno kifuani likamkwaruza. Angesema, ileteni hapa. Lakini mama mkwe amekaa, mdogo wake amesimama, na kumwambia mume mbele yao "wewe husikii" ni kumvua nguo. Akameza.

"Haya, mdogo wangu. Nenda. Rangi nitaipaka ukirudi."

Jumapili, kwenye mteremko wa kushukia Rusumo, fremu ilikatika. Ildefonce aliangukia kwenye mawe ya mtaro na hakuinuka. Walimpitisha moja kwa moja kwenda Runazi, kwa mama yake, na wakamzika huko.

Tecla hakwenda. Bonifasia, naye akilia, alimzuia mlangoni kwa mikono miwili: mzazi ambaye hajatolewa nje hapelekwi msibani, na mtoto mchanga havushwi wilaya kwenda makaburini. Protasi alikwenda peke yake. Tecla alikaa kitandani, maziwa yanamvuja kwa kilio cha mtoto na machozi yanamvuja kwa kilio chake, mpaka akawa hajui nguo imelowa nini. Mtoto walimtoa nje bila ngoma wala pombe. Wakamwita Irakoze, yaani Mungu ashukuriwe, na wengi walimbariki kwa sauti ya chini, kama wanaoomba radhi.

Protasi alirudi kutoka Runazi. Fremu ilipoletwa aliitupia gunia bila kuifungua. Karakana hakuingia tena. Alikwenda shamba, akarudi, akakaa. Chakula alikigusagusa. Alikuwa ameshajihukumu kwamba ni kiraka chake.

Basi asubuhi ile, baada ya simu, Tecla alikaza kanga iliyombeba Irakoze, akachukua kijiko jikoni, akaingia.

Aliondoa gunia. Akafungua kamba. Fremu ilikuwa na matope ya Rusumo, na weusi wa kaboni ulikuwa wazi pale ambapo yeye hakupata kupaka rangi upya. Alianza bomba la juu, kwenye kiraka. Ti, ti, ti. Akarudia, akiinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya gulioni. Kiraka kiliitika mwanzo hadi mwisho. Kazi safi. Protasi hajawahi kufunga kiraka kizuri kuliko kile.

Fremu ilikuwa imekatikia chini, karibu na pedeli, mbali na kiraka. Akagonga hapo, akasogea, akagonga tena. Pu. Pu. Akaendelea kusogea, na mguno haukuisha. Ulipanda na bomba hadi mbali na mahali palipokatika. Ufa wa siku moja hautambai hivyo; hilo halikuwa jeraha la Jumapili. Lilikuwa la ule mwanguko wa kwanza wa mlimani, limelala ndani, limetulia, likingoja mteremko.

Kivuli kikaingia. Protasi alikuwa mlangoni na jembe begani.

"Ni kiraka changu?"

"Hapana. Kiraka chako ni kizima."

Alishusha jembe. Akakaa kizingitini, akashusha pumzi ndefu. Halafu akayaona macho ya mkewe, na ile pumzi ikamrudia.

"Palipokatika. Palikuwa pabovu kabla?"

"Palikuwa pabovu."

"Mtu angegonga angesikia?"

Irakoze alijinyoosha mgongoni, akatulia.

"Wewe, hapana."

"Na wewe?"

"Mimi ningesikia hata mtoto akiwa analia."

Protasi alifunika uso. Maneno yalitokea katikati ya vidole. "Nilipitisha kijiko tu. Sikusikia kitu. Nikasema pengine kama haiguni basi inaitika. Niliona aibu, Tecla. Mama yupo pale, kijana yupo pale."

"Najua. Hata mimi niliona aibu yako. Nikanyamaza."

Tecla alitoa simu, akapiga Runazi. Deodata aliipokea kabla haijaita vizuri, kama aliyekuwa ameishika tangu asubuhi.

"Umegonga?"

"Nimegonga, mama. Mkono wa Protasi hauna kosa. Kiraka kizima." Akakiweka kijiko chini. "Kosa lilikuwa pengine, na lilisikika. Yeye masikio yake yamekufa siku nyingi, mama. Mimi nilijua, na nikamwacha Ildefonce aende."

Protasi akainuka, akanyoosha mkono. "Nipe."

Aliiweka simu sikioni, akasema kwa sauti ile ya wasiosikia, kubwa, iliyovuka ua mpaka Bonifasia akatoka jikoni na majirani wakainua vichwa shambani.

"Shikamoo, mama! Ni mimi, mkweo! Sisikii, mama! Nilisema nimesikia, na sisikii!"

Akangoja. Akaibana simu zaidi. "Mama? Mama, upo? Umesemaje?"

Tecla, akiwa hatua mbili nyuma, alikuwa anamsikia mama yake waziwazi.

"Anasemaje?" Protasi akamgeukia, amemtolea simu kwa mikono miwili. "Tecla, mama anasemaje?"

"Hasemi kitu," Tecla akampazia sauti ili amfikie. "Analia."