Sauti ya Bibi Juu ya Dungu

Enzi zetu kule kijijini Wema, likizo haikuwa likizo mpunga ukishaanza kuiva. Tuliamshwa umande ungali kwenye majani, tukapanda dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na kazi ikaanza: kuwinga ndege. Unagonga makopo, unarusha udongo kwa kombeo, unapiga kelele mpaka koo linakauka. Chai ilitufuata huko huko, pamoja na ndizi za kuchemsha zilizokwisha kupoa na kunata viganjani. Wenzangu mliokulia kando ya Mto Tana mnajua ninachosema. Wapwa zangu nikiwasimulia hunitazama kama mtu anayeeleza alivyofungwa jela.

Fundi wa kelele alikuwa Bibi, mama yake baba. Ukelele wake ulianza chini kama mtu anayekohoa, ukapanda, kisha ukakatika ghafla, na ndege wote wakainuka pamoja kama shuka linalokung'utwa. Mimi, mtu wa "kwa nini" tangu utotoni, nilimuuliza kama ndege wanaijua sauti yake.

"Wewe mtoto, maswali yako yangekuwa mawe, hapa pasingebaki ndege hata mmoja," akanijibu.

Halafu mjomba akatuletea empithrii kutoka Malindi, kidude cheusi cha kuchezea muziki, kidogo kuliko kiberiti, chenye kitufe cha kurekodi. Kaka yangu Buya ndiye aliyepata wazo. Tulimwomba Bibi apige ukelele tusikie tu, tukamrekodi, tukaunganisha kidude na spika ya betri, tukaviacha juu ya dungu vikijirudia, tukaenda kucheza mpira. Siku ya kwanza ndege waliruka wote. Siku ya pili wakaruka nusu. Siku ya tatu Bibi alifika akakuta wamejipanga juu ya spika yenyewe, wanasafisha midomo.

Tulipoitwa tulijua fimbo inakuja. Bibi alikuwa amesimama, kichwa upande, anasikiliza.

"Huyu anayepayuka hivi ni mimi?"

"Ni wewe, Bibi."

"Masikini babu yenu!"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. Kisha akaturudisha juu ya dungu, na hatukushuka mpaka mavuno.

Kidude kile kilikuwa na tabia ya kuganda. Kioo kinabaki na picha moja, vitufe havisikii. Tiba zetu zilikuwa nyingi: kukipuliza, kukigonga kwenye kisigino, kukianika juani, kubonyeza vitufe vyote pamoja huku tukihesabu. Bibi alikuwa na moja tu. "Kiacheni kilale. Kimechoka." Tulikiacha mpaka chaji ikaisha, tukakichaji, kikaamka. Niliamini amebahatisha.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Hatuna video yake wala ujumbe wa sauti. Ukelele ule wa sekunde chache ndio sauti yake pekee iliyobaki, na kwa uzembe wa watu wanaodhani kitu kitakuwepo siku zote, hatukuwahi kuuhamisha.

Mwaka huu nilirudi nyumbani, nikakitoa kidude sandukuni, nikakichaji, nikakiwasha. Kikaganda kwenye picha ya mwanzo. Buya, ambaye sasa ana watoto watatu, akasema kimekunywa unyevu wa mvua, na dawa ya unyevu ni kukizika kwenye mchele, kila mtu anajua. Nyumbani hapakuwa na mchele. Palikuwa na gunia la mpunga wa msimu uliopita. Mimi na shahada yangu ya chuo kikuu tukakubali. Tulipokifukua asubuhi kilikuwa kimeganda vile vile, ila sasa tundu la chaji limejaa makapi na vitufe vimekwama kwa vumbi.

Fundi wa simu pale Garsen, kijana wa Kiorma aitwaye Godana, alikigeuza geuza mkononi.

"Dada, mlikuwa mnakitengeneza au mnakipanda?"

Akachokoa makapi kwa sindano, moja moja. Kisha akabonyeza vitufe. "Nikifuta kila kitu kianze upya, kitaamka. Lakini kitaamka kitupu."

"Una uhakika hakuna njia nyingine?"

"Wewe ndiye msomi. Niambie."

Nikakifunga kwenye leso. Nilimwambia kwanza kilale.

"Kilale?"

"Kilale."

Nilikiweka juu ya kabati, na kila nilipopita nilichungulia. Picha ilikuwa pale pale, inawaka. Siku ya pili kioo kikazimika chenyewe. Nikakichaji, nikabonyeza. Buya aliacha kula. Kilianza kile kikohozi cha chini, na ukelele ukapanda, ukakatika. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimeuhamishia kwenye simu yangu, ya Buya, na kompyuta.

Wapwa zangu wana simu zilizojaa sauti za kila mtu, na simu ikisita dakika moja tu wanataka mpya. Nilitaka kuwasuta kwamba hawamsikilizi yeyote. Nikakumbuka kwamba sisi tulimrekodi Bibi ili tusikae naye shambani. Leo ningetoa chochote nikae naye juu ya dungu asubuhi moja, na ndizi zile baridi.

Kesho yake nilipeleka spika shambani, nikaicheza sauti yake. Ndege wakainuka wote. Najua si yeye waliyemkimbia. Ni ndege wengine hawa, na kelele yoyote ingewatosha. Siku ya pili wakainuka nusu. Siku ya tatu niliiacha spika nyumbani, nikapanda dungu, nikapiga kelele mwenyewe mpaka koo likakauka. Sikutaka wamzoee tena.