Vinzi Sebuleni kwa Hamisa

Hamisa wa mtaa wa Sofu alikuwa na maua thelathini na moja katika nyumba ya vyumba vitatu. Aliyapanda kwenye makopo ya rangi, ndoo za aiskrimu, masufuria yaliyotoboka na birika moja lililokatika mdomo. Mengine yaliteremka kutoka juu ya kabati, mengine yalipanda dirishani, na mgeni akikaa sebuleni ilibidi kwanza apangue majani ndipo amwone mwenyeji wake. Watoto walishaoa na kuolewa. Maua ndiyo yaliyobaki kumsikiliza.

Mumewe, Maulidi, dereva wa malori mstaafu, hakumsikiliza sana, lakini alikula alichopewa. Tangu astaafu suruali zilianza kumtoka kiunoni, basi Hamisa akamtengenezea uji wa lishe: mahindi, mtama, ulezi, soya na karanga, mchanganyiko anaoupepeta mwenyewe na kuupeleka mashineni Kwa Mathias kwa mikono yake, maana hamwamini mtu. Kila asubuhi alimwekea kikombe kikubwa kando ya kochi na kurudi jikoni. Akija tena, kikombe kitupu, Maulidi anajifuta mdomo.

"Alhamdulillah," husema. "Uji umesimama."

Amani hiyo ilivunjwa na vinzi, yaani nzi wadogo wadogo. Vilikuwa vyeusi, vidogo kuliko chembe ya ulezi, haviumi wala havilii. Kazi yao ilikuwa kupita mbele ya pua ya mtu kama vinatafuta anwani. Ukitaka kukiua kimoja kwa viganja, unaishia kujipigia makofi mwenyewe, nacho kimeshahamia sikioni. Kwenye kipara cha Maulidi ndipo vilipofanya kiwanja cha ndege.

Jumatatu moja kikatumbukia kwenye chai yake. Maulidi akakiopoa kwa kidole, akakiweka mezani kama kielelezo mahakamani.

"Mama Ally, Ijumaa dada anakuja kutoka Kisarawe. Kinzi kimoja tu kikiingia kwenye kikombe chake, haya maua yako yote yanalala nje."

"Nje kuna mbuzi wa jirani."

"Basi mbuzi wa jirani watakushukuru."

Hamisa alimjua vizuri huyo dada, Bi Mwanajuma. Wifi huyo aliwahi kuinua zulia katikati ya karamu ya harusi kuona kama pamefagiwa, na kwa bahati mbaya hapakuwa pamefagiwa. Habari ilifika Maneromango kabla ya bibi harusi.

Akaanza vita jikoni. Ndizi mbivu zikafunikwa kwa kawa, maganda ya nanasi yakatolewa siku hiyo hiyo, tundu la sinki likamwagiwa maji ya moto. Akatega vikombe vya siki yenye tone la sabuni ya vyombo. Asubuhi akaopoa maiti kumi na tisa, akamwita jirani yake Jenifa aje kushuhudia.

Jenifa akachungulia kikombe, kisha akachungulia sebule.

"Hao umeua wajumbe tu, Mama Ally. Kamati kuu imekaa kwenye maua."

"Sasa nifanyeje?"

"Acha kumwagilia. Vinataga kwenye udongo mbichi. Na mfuniko wa njano upake mafuta ya mgando, uusimamishe hapo. Njano inavichanganya akili."

Hamisa akapaka mifuniko, akanyima maji. Ilimuuma, kila akipita sebuleni aliyaomba maua radhi kwa sauti ya chini. Alhamisi jioni akapitisha kidole kopo hadi kopo. Thelathini yalikuwa makavu, na vinzi humo hakuna. Lile la thelathini na moja, ua la majani mapana kando ya kochi la Maulidi, bado lilikuwa bichi. Akadhani kopo halijatobolewa vizuri. Akaomba Mungu, akalala.

Ijumaa, baada ya swala, Bi Mwanajuma akaingia na fenesi lililoiva hadi likajitangaza tokea barabarani.

"Shikamoo, wifi. Karibu."

"Marahaba. Nyumba au pori hili?"

Hamisa akacheka alivyoweza, akalikimbiza fenesi jikoni na kulifunika kwa beseni. Akaleta chai. Bi Mwanajuma akainua kikombe, akapuliza, akakishusha. Katikati ya chai paliogelea kinzi kimoja, kwa raha zake.

"Nilisema!" Maulidi akasimama. Akavuka sebule nzima hadi dirishani, akakumbatia ndoo mbili za aiskrimu zenye maua. Hamisa akahisi machozi yanamlenga. Yale yalikuwa ya kwanza kabisa kuyapanda.

"Maulidi," dada yake akaita, "mbona unaanzia mbali? Vinzi vinatoka hapo ulipokuwa umekaa."

"Hapana, dada, ni hivi hivi vya dirishani..."

Bi Mwanajuma hakumsubiri. Akachukua kijiko chake cha chai, akachimbua udongo wa lile ua la kando ya kochi. Ukainuka utando mzito wa kijivu, kama lipu ya fundi mwizi, na chini yake vinzi vikafumuka wingu zima. Akanusa kijiko.

"Ulezi," akasema. "Na karanga."

Akamnyooshea ndugu yake kijiko.

"Maulidi, ule mpapai wa marehemu mama, nyuma ya jiko, uliooza mizizi tulipokuwa watoto?"

"Dada, hayo ya zamani."

"Mama alisema mpapai umerogwa! Miaka mitatu hakumsalimia Bi Tatu wa jirani! Kumbe ni wewe na uji wako wa asubuhi?"

Hamisa akamgeukia mumewe. "Miezi minane nasaga, Baba Ally. Miezi minane unaniambia umesimama!"

"Umesimama kweli, mke wangu," Maulidi akasema kutoka nyuma ya majani. "Ndiyo maana hauteremki."

"Rudisha hayo maua," dada yake akamwamuru, "kabla sijakutoa wewe ukalale na mbuzi."

Akayarudisha. Hamisa akalitazama lile ua la kando ya kochi, majani mapana kama nyungo, yanang'aa kwa afya.

"Angalau," akasema, "yupo mmoja humu ndani ambaye uji wangu umemnenepesha."

Jioni hiyo walikwangua utando wote, wakatandaza mchanga mkavu juu ya udongo. Baada ya wiki mbili tatu sebule ilitulia, vikabaki vinzi viwili vitatu vya jikoni vinavyoishi kwa matumaini ya ndizi.

Sasa uji hunywewa jikoni, Hamisa amekaa mbele ya mumewe, na kikombe kikiisha hupinduliwa chini juu. Asubuhi moja Maulidi alichungulia sebuleni, akaguna.

"Mama Ally, ua lile naona linakonda. Hata kijiko kimoja?"

"Kunywa, Baba Ally."