Warithi, Tokeni Nje

Jumamosi ile Mwaitu alipoandika wasia, nusu ya mtaa wa Kawangware iliamini anakufa. Kumbe mgonjwa mwenyewe alikuwa amesuka nywele upya, amevaa gauni lake la kwenda harusi za watu, na anaimba huku akikaanga nyama. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo tulivyomwita sisi watatu: mwanawe wa kiume, bintiye, na mimi.

Mimi sikuzaliwa naye. Mama yangu alikuwa mpangaji katika ploti yake ya vyumba vya kukodisha, akafariki nikiwa sijaanza shule, na Mwaitu akanihamisha kutoka chumba cha mwisho hadi chake, bila karatasi yoyote. Alinilisha, akanichapa na kunisomesha sawa na wale wawili. Lakini jamaa zake wakija kutoka Machakos waliniita "yule wa mpangaji", mbele yangu, tena wakitabasamu. Hata baada ya kuhamia Lindi, kule Kibera, ninakoshona nguo, swali halikunitoka: Mwaitu akiondoka, pale mimi nitakuwa mtoto, au mpangaji aliyechelewa kuhama? Sikuwahi kumuuliza. Niliogopa jibu.

Kwa hiyo aliponipigia simu akasema, "Kuja Saturday, kuna kazi," nilijua kazi ni ya kupika chai. Nikabeba aproni yangu.

Nilimkuta na wasia mezani, ameuandika kwa mkono na kuukunja ili tusisome ya ndani. Wakili, kijana wa Riruta anayeimba naye kwaya, alikuwa bado njiani, lakini Mwaitu na subira hawajuani. Na kwetu jambo lolote zito, liwe mahari au kuuza ng'ombe, hutiwa saini na kila aliye nyumbani, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakuwepo.

"Wekeni saini wote," akaamuru. "Nyinyi ndio mashahidi."

Kaka aliweka saini yenye mikia mingi, kama ya waziri. Dada akachora na kiua pembeni. Nami nikaandika jina langu kwa furaha ya kijinga kabisa: walau lingekuwepo mahali fulani kwenye karatasi ile.

Wakili alifika, akasoma, akavua miwani, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mathe, hapa umewachoma wote! Mrithi hafai kuwa shahidi. Akisign, kile umemwachia kinaweza potea."

"Sasa hii mali nimeachia nani?"

"Labda kuku," akasema kaka.

Mwaitu alicheka akajipiga mapaja, machozi yakamtoka. Mimi nilicheka kuliko wote. Katika hao "wote" wa wakili sikujihesabu, kwa hiyo sikuona nilichopoteza.

Wakili alikuwa anamalizia kunakili karatasi mpya tuliposikia wimbo wa mazishi langoni. Akina mama wa kanisa walikuwa wamesikia kuna wasia unaandikwa, wakajumlisha wenyewe, wakaja wawili na unga, sukari na nyuso za msiba. Marehemu akawafungulia mlango, mwiko mkononi. Mmoja alipiga yowe akaangusha sukari.

"Si tuliambiwa uko kitandani?"

"Niko jikoni. Ingieni, ni Mungu amewaleta. Nataka mashahidi!"

Wakili aliwauliza kama wana chochote wanachoachiwa katika wasia huo. Hawakuwa nacho. Akawaeleza: watamwona Mwaitu akitia saini, kisha nao watatia zao, basi. "Warithi, tokeni nje kidogo," akaongeza, "kusikuwe na mtu atasema mlimsukuma." Kaka na dada wakatoka wakigombania mlango kama watoto. Mimi nikabaki namimina chai.

Yule aliyeangusha sukari akarudisha mikono nyuma. "Mimi? Nisign karatasi ya kifo cha mtu mzima hivi? Hapana. Hiyo ni kuita shetani kwa jina."

Mwenzake alimbembeleza, wakili akambembeleza, wapi. Nyama ilikuwa inakaribia kuungua. Nikaweka birika chini, nikachukua biro.

"Mimi nitasign," nikasema. "Si mimi si mrithi."

Nilisema huku natabasamu, jinsi mtu anavyosema jambo alilokwisha kulizoea. Mwaitu aliacha kucheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alinipokonya biro, akanivua aproni kwa mkono wake, akanielekeza mlangoni kwa mwiko.

"Nani alikuambia hiyo upuzi? Toka nje na wenzako!"

Kisha akamgeukia yule mama na mwiko ule ule. "Na wewe, sign, kabla nyama iungue."

Nilitoka. Kaka na dada walikuwa kwenye benchi chini ya kamba ya nguo, wakicheka bado mambo ya kuku. Kaka akasogea kunipa nafasi.

"Ulikuwa unafanya nini huko ndani?" akaniuliza. "Si tumeambiwa sisi wote tutoke?"