Vidole Gumba Viwili Kwenye Mbigili

Harufu ya tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, ikinipata popote pale, hata leo, najikuta nimesimama sebuleni kwa Bibi Ailsa kule Saint Paul, Marekani, nina miaka tisa, viatu nimeviacha mlangoni. Ilikuwa harufu kali, iliyochanganyika na ya mafuta ya kitani, ya mkate uliobanikwa na ya dawa ya kuchua magoti. Mama alikuwa haipendi, alisema inamuumiza kichwa, na jioni tukirudi nyumbani alianika sare yake dirishani ndipo apike. Mimi niliipenda tangu siku ya kwanza, na nikazidi kuipenda nilipoona Mama haipendi. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo.

Ulikuwa msimu wa joto wa miaka ya tisini, mwaka wa pili tangu tuhame Bukoba. Tulikaa kwenye fleti ya vyumba viwili Saint Louis Park. Baba alikuwa chuoni mchana na kazini jioni, na Mama alikuwa msaidizi wa wazee majumbani, anapangiwa nyumba na wakala. Wakala ule ulikuwa na sheria nyingi, na mojawapo ilisema waziwazi kwamba mfanyakazi haendi na mtoto kazini. Shule zilipofungwa, jirani aliyekuwa akinitunza alihama, na Mama akakosa pa kuniacha. Akafanya alichoweza. Kila asubuhi aliegesha gari nyuma ya nyumba ya Bibi Ailsa, nikaingia kwa mlango wa jikoni, na nikaambiwa simu ikilia nisiguse, kengele ikilia niende chooni nikae huko. Msaidizi aliyetangulia alikuwa ameondolewa kwa kosa dogo kuliko hilo, na aliyemshtaki alikuwa Janet, binti wa Bibi Ailsa, aliyekaa Eden Prairie na kuja kila Ijumaa mchana. Ijumaa nilikuwa nabaki kwenye gari la Baba, nyuma ya maktaba ya chuo, na kitabu na chupa ya maji.

Bibi Ailsa mwenyewe hakuwa na neno. Alizaliwa Uskoti, akaja Marekani na mume, akazeeka kwenye nyumba ileile. Maisha yake yote alichora maua kwa rangi za mafuta, na hakuchora waridi wala ua lolote la dukani. Alichora maua ya porini ya kwao tu, yaliyowekwa kwenye chombo juu ya meza. Wakati tunamfahamu, macho yake yalikuwa yameharibika katikati na kubaki pembeni, kwa hiyo ili aone kitu ilimbidi ageuze kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Alisema picha aliyokuwa akiichora msimu ule ndiyo yake ya mwisho, na kwamba ni ya Janet, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayesema chai imekwisha.

Kwenye picha kulikuwa na mtungi wa udongo wa rangi ya kijivu, ndani yake maua madogo ya buluu yenye umbo la kengele, kishungi cha vijiua vya zambarau vinavyoota milimani kwao, na katikati kabisa, mbigili mbili, yale magugu ya miiba yenye kichwa cha zambarau. Mbigili zilikuwa zinajiotea tu kando ya reli, na Mama ndiye aliyekwenda kuzikata kwa kisu cha jikoni, amevaa glavu za kuoshea vyombo, huku akilalamika kwa Kihaya na Kiswahili kwa pamoja. Kwetu mbigili tuliihesabu na ile miiba ya Mwanzo sura ya tatu, pale ardhi inapolaaniwa kwa ajili ya Adamu. Mama hakuamini kwamba mtu mzima, Mkristo, anaweza kuiweka laana kwenye mtungi na kuitazama wiki tatu. "Koku," aliniambia, "huyu bibi angekuwa Bukoba, watu wangemfanyia maombi." Lakini alibadilisha maji ya mtungi kila siku, na mbigili moja ilipoanguka akaiinua na kuigeuza sawasawa na ilivyokuwa, bila kuambiwa.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kujibu maswali. Zambarau hii imefika kwenye ukingo? Hapa pana kijani au nimeota? Nilijibu kwa Kiingereza changu cha mwaka wa pili, na Bibi Ailsa akaniamini kuliko nilivyowahi kuaminiwa na mtu. Nilifurahi mno. Shuleni nilikuwa mtoto anayeulizwa kama kwao kuna barabara, lakini pale nilikuwa macho ya mtu.

Jumatano moja, kabla ya chakula cha mchana, aliweka brashi chini akasema imekwisha. Akaitoa picha kwenye kiegemeo chake, akaishika kwa nyuma, kwenye fremu ya mbao, akaninyooshea. "Iweke juu ya kabati, ikauke," alisema.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofundishwa tangu nijue kutembea. Kwetu mkubwa akikupa kitu hukipokei kwa mkono mmoja, wala hukipokei kwa ncha za vidole kama unakinyanyapaa. Unapiga goti, unanyoosha mikono miwili, unakishika kweli. Nikapiga goti, nikaipokea ile picha kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa mbele, na vikazama. Kimoja kilizama kwenye mbigili ya kushoto, kingine kwenye ya kulia. Rangi ilikuwa laini kama siagi iliyoachwa mezani.

Bibi Ailsa hakuona. Aligeuza kichwa upande, akatabasamu kuelekea nilipo, akaomba maji. Nikaiweka picha juu ya kabati, nikakimbilia jikoni, mikono nimeificha kwapani. Mama alikuwa anakoroga supu. Akaitazama fulana yangu iliyoanza kuwa zambarau, akazima jiko.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikalia, maana nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu ya kitoto. Keshokutwa ilikuwa Ijumaa. Janet angeiona zawadi yake, angeona vidole vidogo, angeuliza ni vya nani, na Mama angefukuzwa kwa sababu yangu. Nikamsihi anipe brashi niyafukie yale mashimo. Zambarau ilikuwepo kwenye kibao cha rangi, na bibi asingejua kamwe. Mama alijifuta mikono kwa kitambaa cha meza. Kisha akasema, "Nenda ukamwambie mwenyewe." Basi. Hakunipa maneno ya kusema.

Nilikwenda. Bibi Ailsa alinisikiliza, akaomba mikono yangu, akavipapasa vidole gumba, bado vina mafuta. Akauliza kwa nini niliishika hivyo, wakati kila mtoto anaambiwa asiguse rangi mbichi. Nikamweleza. Akaniambia nimwonyeshe. Nikachukua sahani tupu, nikampa, akanirudishia, nami nikapiga goti na kuipokea. Akanifanya nirudie mara tatu, kichwa chake kimegeuka upande ili anione. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alisema amewapa watu picha miaka hamsini na wote wamezipokea kama gazeti. Kisha akasema hatazigusa zile alama, na kwamba Janet ataambiwa ukweli, kwa kuwa picha ni yake.

Ijumaa Mama hakunipeleka kwa Baba. Nilikaa kwenye kigoda changu, nimevaa gauni la kanisani, kengele ikalia na sikwenda chooni. Janet alisikiliza kisa chote amesimama, funguo za gari mkononi. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akamgeukia Mama.

"Amekuwa akija tangu lini?"

"Tangu shule zifungwe," Mama alisema.

"Na kila Ijumaa mlikuwa mnamficha."

"Ndiyo."

Nilichokiona usoni mwa Janet hakikuwa hasira ya picha. Alikuwa ameumia kwa kufichwa, na nadhani alikuwa na haki. Mwishowe alisema hatapiga simu kwa wakala, lakini mtoto asije tena, na kwamba kanisani kwao kuna programu ya watoto ya kiangazi, bure, inaanza Jumatatu. Mama akashukuru. Kazi ikapona. Mimi sikuingia tena katika nyumba ile. Bibi Ailsa alifariki majira ya baridi, na Mama akanipeleka kanisani kumuaga, nikakaa benchi la nyuma, nimewakasirikia watu wazima wote.

Picha hiyo sasa iko jikoni kwangu, Lakeville. Janet alipohamia nyumba ndogo alituletea mwenyewe, akasema ameitazama miaka yote na hakuwahi kutamani irekebishwe. Nilipoipokea nilijikuta napinda goti, mwanamke mzima mwenye mkoba wa kazini begani, na Janet naye akaishika kwa mikono yote miwili mpaka akahakikisha imefika.

Mwaka jana Mama alikuwa hapa kwa chai, akisubiri nimrudishe kwake. Akanyanyuka, akapapasa yale mashimo mawili, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Ile Jumatano, nilipokuwa nakwenda sebuleni, yeye alibaki jikoni akavua beji yake ya kazi, akaitia kwenye mkoba pamoja na glavu zake za kuoshea vyombo. Alijua amekwisha. Nikamuuliza, kama alijua hivyo, kwa nini hakunipa ile brashi. Alinitazama kama vile nimeuliza swali la mtoto.

"Picha ilikuwa ya watu, Koku."

Ofisini kwangu nimeshafukia mashimo mengi kwa brashi, yaani makosa yangu, mengine kwenye vitu vya watu kabisa, na sikupoteza usingizi. Mama alipokwenda kuvaa koti nilijaribu kuweka kidole gumba changu kwenye mbigili ya kushoto. Hakiingii tena.