Sweta Iliyopimwa kwa Koti

Mama yangu hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu. Hata akitukemea, vidole vyake vilikuwa vinafanya kitu kingine: kumenya viazi, kupukuchua mahindi, kufuma. Kufuma alifundishwa na akina mama wenzake wa kanisa letu pale Uthiru, miaka michache baada ya uhuru, na siku aliporudi na sindano zake mbili ndani ya kikapu chake cha kiondo alijiona amefika. Mimi nilijaribu nikashindwa. Vitanzi vyangu vilikuwa vikikimbia kama kuku waliofunguliwa banda, na mpaka leo mtu akinionyesha sindano za kufuma kichwa kinaanza kuniuma.

Hata hivyo iko sweta moja ambayo naijua tangu ilipokuwa uchafu ndani ya gunia.

Baba alifanya kazi kwenye shamba la mifugo la serikali, si mbali na kwetu. Alikuwa akiogesha ng'ombe dawa ya kupe na kukata kondoo manyoya. Alikuwa na kifua kipana. Akisimama mlangoni, nyumba inaingia giza. Mimi aliniita "maitu", yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwetu mtoto aliyepewa jina la mtu huhesabiwa kuwa ndiye mtu huyo. Kwa hiyo nilikuwa mama wa baba yangu, cheo nilichokitumia vibaya kila nilipoweza.

Masika moja baba alipata kikohozi. Alikidharau. Kikashuka kifuani, kikajikalia huko, mpaka asubuhi moja akashindwa kuinama kuvaa viatu. Wenzake wa kazini wakampeleka kwenye hospitali kubwa kule kilimani, akalazwa. Mama aliporudi kutoka kumwona, alituambia kwamba daktari amesema maji yameingia kifuani, na kwamba akitoka, kifua hicho kisipigwe tena na baridi hata kidogo. Mimi nilisikia neno "akitoka" nikalishika. Lini, mama hakusema.

Jumamosi wale wenzake walikuja kutupa pole. Walileta sukari, majani ya chai na gunia la sufu, ile mbovu ya chini ya tumbo la kondoo isiyo na mnunuzi, imejaa mafuta, miiba na mavi. Walisema wameona aibu kuja bila kitu cha kazini kwake. Mama alifungua gunia, akatia mkono ndani mpaka kiwiko, akasema, "Hii ni sweta."

Tuliifua sufu ile kwenye karai, maji yakatoka meusi, tukayamwaga tukaanza tena. Tuliianika juu ya ua. Mimi na ndugu zangu tukapewa kazi ya kuichambua kwa vidole, kutoa miiba na kuitanua mpaka ikawa nyepesi, na nilinung'unika kutwa nzima kwa sababu mikono ilininukia kondoo. Kisha mama akaanza kusokota. Alikuwa na kijiti chenye kisahani cha mbao chini yake. Alikizungusha kikining'inia, na uzi ukajivuta kutoka mkononi mwake, laini, mahali mnene mahali mwembamba.

Nyanya, yule mama yake baba niliyepewa jina lake, aliishi nasi katika boma hilo hilo. Alikitazama kijiti kikicheza, akashindwa kuvumilia.

"Kwani mapaja umeyapeleka wapi?" alimuuliza mama.

Nyanya alikuwa msukaji wa vyondo. Maisha yake yote alisokota uzi wa vyondo juu ya paja, kwa kiganja kilichopakwa jivu. Alivuta fungu la sufu, akapandisha nguo, akaanza kuiviringisha jinsi alivyojua, akaikaza na kuikaza, kwa kuwa uzi wa kiondo usipokazwa unakatika viazi vikamwagika njiani. Uzi wake ulitoka mgumu, wa kufungia mbuzi. Mama aliupokea kwa mikono miwili akashukuru. Angefanya nini? Huwezi kumrudishia mama mkwe kazi ya mikono yake, tena akimsokotea mwanawe. Ule mgumu aliutumia kwa pindo na shingo, akasema hapo ndipo sweta hulegea, na nyanya akajibu kwamba alijua hivyo tangu mwanzo.

Kabla ya kuanza kufuma, mama alikata uzi mrefu akautia ndani ya kiondo, kando ya chupa ya uji wa baba.

"Leo nitampima kifua," alisema.

Nyanya aliacha alichokuwa akifanya. "Utampima nani?"

"Baba watoto. Nijue ukubwa, maitu."

"Mgonjwa hapimwi. Ukimpima mtu akiwa amelala kitandani, anayekuja kumpima baada yako ni fundi wa sanduku."

Mama alikuwa ameokoka, na mambo kama hayo aliyaita ya gizani. Nilingoja abishane, maana kwa kubishana alikuwa hodari. Hakubishana. Alitoa ule uzi, akauzungusha kidoleni, akauweka mezani. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba yangu anaweza kufa, na kwamba mama alikuwa akijua hivyo wakati wote alipotuchemshia uji na kutugombeza juu ya masomo. Nilikwenda nyuma ya banda la mbuzi nikalia, kisha nikanawa uso, nikarudi kuchambua sufu bila kunung'unika.

Ukubwa ulipatikana kwa koti. Koti la kazi la baba lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, nalo mama alilitandaza kitandani akalipima mabega, kifua na mikono. Koti haliumwi, alisema, na nyanya akaona sawa. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mama akafuma akikoroga ugali, akafuma njiani akienda kupanda basi, akafuma akitusikiliza tukisoma kwa sauti, na tukikosea alituchokoa begani kwa ncha ya sindano bila kuinua macho.

Siku ya kumtoa baba, mama alinichukua niwasaidie kubeba mizigo. Tulishuka mjini tukapanda kilima kwa miguu. Kwenye mlango wa wodi muuguzi alinizuia. "Watoto hawaingii. Kaa hapo kwa benchi, na usisumbue watu." Nilikaa, sweta mapajani.

Mwanamume aliyetoka akishikwa mkono na mama sikumjua. Alikuwa mzee, shingo imejaa mishipa, suruali imefungwa kwa kitambaa. Nilitazama nyuma yake nikimtafuta baba.

"Maitu," akasema yule mtu. "Huniamkii?"

Sauti ilikuwa yake. Haikuwa imepungua hata kidogo. Niliangua kilio kwa furaha, na muuguzi akadhani mgonjwa ni mimi.

Tulimvika sweta pale pale kwenye benchi. Lo! Shingo iliteremka ikaacha bega moja nje, mikono ikameza vidole, pindo likamfika mapajani. Mama aliangalia chini. Alikuwa amemfumia mwenye koti, na mwenye koti hakuwapo. Baba alijitazama, akajipapasa, akauliza, "Na wengine wanaoingia nami humu wako wapi?"

Mama alicheka kwanza, kisha akasema ataifumua aipunguze.

"Hapana," baba alisema. "Iache. Nitaijaza."

Basi tukaanza kuitazama sweta. Baba aliivaa kila siku ya baridi ile, akiota jua ukutani, na sisi sote, hata mdogo wetu wa mwisho, tulikuwa tukiangalia bega lile kabla ya kumwamkia. Nyanya alimlisha njahi, yale maharagwe meusi, na supu ya mifupa kwa vitisho. Kuna juma lililopita bila badiliko, mama akawa mkali kwetu bila sababu. Halafu vidole vikaanza kutokea kwenye mikono ya sweta. Bega likaingia ndani. Akarudi kazini, kwanza kazi nyepesi.

Jioni moja ya kiangazi alikuwa akirusha matita ya nyasi za ng'ombe juu ya dari la banda. Tulisikia mlio wa kitu kikipasuka. Baba aliganda, mkono mmoja juu, na chini ya kwapa tundu lililopitisha ngumi. Sisi watoto tulirudi nyuma, kwa maana mama alikuwa akimchapa mtu kwa ajili ya uzi mmoja tu uliovutwa.

"Mama watoto," baba alisema, "sikukusudia."

Mama aliacha sufuria yake. Alikuja akaingiza vidole kwenye tundu lile, akaushika ubavu wa baba, akaufinya, akaufinya tena. Machozi yalimtiririka akiwa anacheka.

"Inua na huo mkono mwingine," alimwambia. "Nako kupasuke."