Mashine ya Watatu

Mashine ya kusudira, ile ya kuunga vyuma kwa moto, tuliinunua watatu, na mi ndiye niliongea kuliko wote siku ile: hakuna mutu ataiweka yote kwake. Wakanisikiliza. Basi kila mangaribi, tukifunga kazi mutaani Buyenzi, tunaigawa, kila mutu kipande chake. Mukubwa wetu kwa miaka anabeba posti, sanduku lenyewe la umeme, kwake Ngagara. Rafiki yangu, wa tatu wetu, anazungusha kable ya umeme, anapeleka kwake Kanyosha. Mi naenda kwangu Gasenyi na masiki ya kufunika macho na pinsi ya kushikia. Mafundi wengine walitucheka: "Hii ni kazi ao ni ndoa?" Sisi tuliona ni akili. Mwizi akiingia kwa mumoja, atakuta chuma tu.

Vita hatukuiwaza. Asubuhi moja risasi zikalia upande wa Kanyosha, njia ikafungwa. Siku tano, kumi, juma mbili. Posti iko, masiki iko, kable hakuna. Watu walileta milango yao iliyovunjwa, wakatuona tumekaa, wakaipeleka kwa wengine.

Mukubwa akaniambia: "Mudogo wangu, tutafute kable ingine. Yule tumuache, mashine ibakie yetu wawili."

"Apana! Kosa lake nini? Kukaa Kanyosha?"

"We unaongea tu. Mudomo hausudiri."

Njia ilipofunguka nikaenda mbio. Rafiki yangu alikuwa muzima, kable iko ndani ya gunia, chini ya kitanda. Nikamugombeza palepale mulangoni: "Mbona haukuituma?"

"Ningemupa nani? Hata jirani aliiomba nikakatala. Nilimwambia si yangu, ni ya watatu."

Tukarudi naye Buyenzi, gunia begani. Mukubwa alikuwa amekaa mikono mitupu.

"Posti iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeiuza. Nimeuza ile nilikuwa nachunga. Kable mubaki nayo, masiki mubaki nayo. Si we ndiye uligawa?"

Akatoa noti mufukoni, akaninyoshea mi peke yangu. "Hii ya kwako. Huyu hakufanya kazi juma mbili."

Nikausukuma mukono wake. "Kama yeye hapati, mi sichukui!"

"Sawa," mukubwa akasema, akazirudisha mufukoni, akaenda zake.

Nilizani rafiki yangu atanishika mukono. Alinitazama kama mutu aliyemumwagia chakula chini.

"We mujinga! Ungechukua, tungegawana. Watoto wangu watakula hasira yako?"

Akabeba gunia lake, akashika njia ya Kanyosha. Hakuniaga.